Tumbo la Kapteni

Jumatatu asubuhi Sista Joska alikuwa akiusugua mpira wa kuchungulia tumbo kwa kibanzi cha mwisho cha sabuni. Hospitali yao ndogo ilikuwa imeishiwa formalini zamani, kwa hiyo vipande vya nyama walivyonyofoa matumboni mwa wagonjwa walivihifadhi kwenye waragi, kitu ambacho Kampala haikuwahi kukikosa hata serikali ilipokosa chumvi. Na pombe, kama ijulikanavyo, haikai na siri. Kila kipande kilisema neno moja kwa sauti ya mwenyewe, kisha kikanyamaza. Cha mwenye duka mmoja wa Kisenyi kilisema "sukari," na kweli alikuwa ameificha chini ya kitanda. Daktari wao, Mkongomani aliyeitwa Katembo, alilalamika tu kwamba kelele zilimkatiza chai.

Asubuhi hiyo kilisema kipande cha Kapteni mmoja wa jeshi, aliyepimwa wiki iliyopita.

"Saverio."

Saverio alikuwa mume wa Joska, karani wa mabehewa pale Port Bell. Alitiwa na askari kwenye buti ya gari mchana kweupe, watu wakitazama viatu vyao. Mama yake, Alanyo, alikuwa bado hajanyoa nywele za msiba wala hajalia. Majirani Waganda walimshauri azike mgomba badala ya mwili, kama wafanyavyo wao mtu wao akipotea. "Mtoto yangu si ndizi," aliwajibu. Basi nyumba ikabaki na msiba usiokalika wala kuondoka, na Joska alikuwa amechoka, amechoka hasa. Alitaka kujua mumewe alipolala, basi.

"Dokta," alisema, "kipande moja iko nasema neno moja tu. Chukua mingi."

"Ata maabara wanalalamika," Katembo alijibu. "Kipande kimoya, tena kadogo, hawawezi kusoma kitu. Mi nilifundishwa kutoa mingi, juu na chini. Lakini ule mtu ana bastola, Sista."

Kapteni aliporudi kuchukua majibu, aliiweka bastola juu ya mto wa kitanda. "Kansa iko?"

"Afande, kipande kimoya kinaweza kudanganya."

Kapteni hakuogopa mtu, lakini kansa aliiogopa. "Basi toa mingi! Toa mpaka wewe nashiba!"

Wakamlaza kwa sindano. Joska akalishika lile taya kama la mgonjwa yeyote, ingawa alimchukia mtu yule mpaka meno yakamuuma. Katembo alinyofoa bila haraka, kila kipande na chupa yake, akabandika lebo ya mahali kilipotoka.

"Bustani," kilisema cha kwanza.

"Yangu."

"Chini."

"Migomba."

Kapteni alikoroma. "Pole sana, Sista," alisema Katembo, akaenda kunawa mikono.

Majibu yalikuwa mazuri. Maabara waliisifu kazi, wakaandika kwamba nyama ni safi kabisa. Kapteni alirudi kazini kwake na hamu ya kula, na kwa shukrani akamletea Joska mkungu wa matoke.

"Hii ya bustani yangu, Sista. Udongo yake mzuri sana."

Joska alipiga goti, akapokea. Aliubeba kichwani hadi nyumbani Luzira, akauweka chini mbele ya mama mkwe na kumweleza yote. Alanyo hakuuliza tumbo linawezaje kusema. Aliupapasa mkungu kwa muda mrefu, kisha akasema, "Lete wembe."

Akanyolewa. Wakachimba nyuma ya nyumba, wakaulaza mkungu ndani ya shati la Saverio, na Alanyo akalia hatimaye, akiziita ndizi kwa jina la mwanawe. Majirani walikuja na kahawa. Hakuna aliyemkumbusha alichokuwa amewajibu.

Wiki iliyofuata Kapteni alipita tena hospitalini, afya tele, na mkungu mwingine begani.

"Nani nataka?" aliuliza. "Huko kwangu iko mingi, na yote nazaa."

Sista Acen wa wodi ya wanawake, ambaye kaka yake alichukuliwa mwaka uleule aliochukuliwa Saverio, alipiga goti akanyoosha mikono.