Lipu Iliyotoka Kwenye Furushi

Jumanne, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, Bi Furushi alimaliza kufunga toleo jipya la programu ya kusoma matetemeko ya ardhi. Alama zote kwenye kioo zikawa za kijani, na kipande cha lipu kikadondoka juu ya kibodi. Alitazama dari. Dari ilikuwa ya mbao. Lipu ilitoka kwenye kompyuta, kwenye matundu ya kutolea joto.

Jina hilo la Furushi alipewa na wenzake kwa utani, likamganda. Wanasayansi wa ofisi ile waliandika programu zilizofanya kazi kwenye kompyuta zao tu. Ukizihamisha hata meza ya pili, zinagoma. Kazi yake ilikuwa kukusanya vipande vyote, kila kimoja na kinachokitegemea, avifunge furushi moja ambalo vituo thelathini na saba vya kupima mitetemo vingelifungua kwa kubofya mara moja. Kabla ya kufunga, programu ilipewa matetemeko ya zamani iyasome, na majibu yake yakalinganishwa na yale yaliyohifadhiwa. Yakifanana, kijani. Yasipofanana, nyekundu, na furushi lenye nyekundu halitoki chumbani. Sheria hiyo aliitunga yeye mwenyewe.

Akakigeuza kile kipande. Kilikuwa na rangi ya kijani iliyochanganyika na krimu, rangi isiyouzwa duka lolote, maana aliikoroga mwenyewe kutoka mabaki ya makopo mawili alipompakia mama yake rangi jikoni. Mfagizi akapita, akazoa unga wa lipu, akamkumbusha kwamba chumba kilikuwa kimeshafagiliwa.

Bi Furushi alimpigia simu mama yake, aliyekaa mtaa wa bondeni. Mama akasema ndiyo, alfajiri nyumba ilicheza, vikombe vikagongana, na ukutani juu ya jiko pamebanduka. Lipu yenyewe hakuiona sakafuni. Alidhani panya wameichukua.

Bi Furushi akafungua rekodi za alfajiri. Bondeni hakukuwa na kitu. Roho haikumtulia. Akaingia ndani ya programu, mstari kwa mstari, mpaka akakuta maneno yaliyoandikwa miaka kumi na moja nyuma na mtaalamu ambaye sasa amestaafu: kituo cha bondeni kirukwe, kina kelele za mashine ya kusaga. Mashine yenyewe ilihamishwa mwaka uliofuata. Tangu hapo bondeni walitetemeka wanavyojua wenyewe, na king'ora chao hakikulia hata siku moja.

Akaufuta mstari, akafunga upya. Hakikudondoka kitu, na alama tatu zikawa nyekundu. Majibu yaliyohifadhiwa kuwa sahihi yalikuwa yametolewa na programu ileile, bondeni ikiwa imerukwa.

Mkuu wa kitengo alimsikiliza vizuri. Alikuwa mtu mpole, hana makuu. Akasema majibu sahihi hayabadilishwi bila kikao cha kamati, na toleo lilipaswa kutoka Ijumaa, kabla kamati haijakaa. Bi Furushi akamwonyesha lipu.

"Nimeiona," Mkuu akasema. "Lakini sheria yako inasema rangi. Haisemi lipu."

Bi Furushi akaurudisha mstari, maana toleo la zamani lilikuwa linaganda na vituo vingine thelathini na sita vilikuwa vinasubiri. Kila siku kulikuwa na marekebisho madogo, na kila siku ilibidi afunge. Jumatano zilidondoka bawaba mbili na kigae. Alhamisi fremu ya dirisha ilitoka kwa taabu, pembe moja kwanza, fundi umeme akamsaidia kuivuta. Mfagizi aliomba koleo kwa barua, akapewa. Bi Furushi hakuweza kukaa. Anainuka, anakwenda mlangoni, anarudi, anaketi nusu kiti, anainuka tena, hadi mwenzake wa meza ya pili akamwambia kama ni kutembea, akatembelee koridoni.

Jioni ile alikwenda bondeni kumtoa mama yake. Walikaa jikoni, upepo ukiingia pale palipokuwa na dirisha.

"Nihame niende wapi?" mama akasema. Akamwonyesha simu, taarifa ya ofisi ya siku ile: bondeni, shwari. "Hii si ndiyo kazi yako? Majirani walitaka kuhama, nikawasomea. Nikawaambia, mwanangu ndiye anayefunga, nyie mnabisha nini?"

Bi Furushi akaeleza yote, mashine ya kusaga, mstari, kamati, kwa uchungu, machozi yakimlengalenga. Mama akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza kama hao wa kamati ni wasomi. Akasema ndiyo. Basi, mama akasema, watakuwa wanajua.

Ijumaa saa nne asubuhi Mkuu alisimama nyuma ya kiti cha Bi Furushi. Bi Furushi alijichukia, akabofya. Kijani. Furushi likaenda vituoni, Mkuu akaenda zake, na mama yake Bi Furushi akatoka kwenye kompyuta, miguu kwanza, gauni limejaa vumbi. Akapewa kiti na maji. Akasema nyumba zimelala chini, mtaa mzima, na nyuma yake, kule bondeni mlangoni, walikuwa wakingoja mshona nguo wa jirani na mjukuu wake.

"Funga tena," akamwambia binti yake.

Kufunga kulichukua dakika kumi na mbili, na kila furushi la kijani lilitoa mtu mmoja. Akatoka mjukuu. Akatoka mshona nguo, na sindano bado mdomoni. Bi Furushi alipiga hesabu kichwani: mtaani watu mia nne, na kompyuta za ofisi hujizima saa kumi na moja jioni ili kuokoa umeme. Alijaribu kutoa wawili kwa mpigo, haikuwezekana. Mama alikaa ubavuni pake, akimtajia waliobaki.

Mlinzi akapanda na daftari la wageni, kwa kuwa hawa hawakupita getini. Aliwaandika mmoja mmoja kwa heshima. Alipofika penye sababu ya kuja, mama akasema nyumba zimeanguka. Mlinzi akampigia Mkuu kuhakikisha. Mkuu akatazama rekodi, akasema bondeni hakuna tukio lolote. Mlinzi akaandika: matembezi. Waliofuata akawawekea alama ya 'kama hapo juu', hadi mstari wa thelathini na nne. Saa kumi na moja kompyuta zikajizima.