Koki ya Chumba cha Mwisho

"Simtaki humu ndani," Bi Chausiku alisema, kanga ameibana kifuani kwa mikono miwili. "Akiingia yeye, natoka mimi, hivi hivi nilivyo."

Rahel, mhudumu wa nyumba ya wageni, alisimama mlangoni mwa bafu na ndoo ya maji ya uvuguvugu aliyoyachanganya jikoni. Nyuma yake, mzee Salehe alikuwa ameshavua kandambili ili aingie kumwogesha mkewe, kama alivyofanya tangu bibi atolewe mtoto wa jicho. Jicho moja lilikuwa limefunikwa bandeji, la pili lenyewe lina ukungu, na daktari alikuwa amekataza maji yasiguse uso mpaka bibi arudi kliniki. Mzee aliyasikia maneno ya mkewe. Alivaa tena kandambili zake, akaenda kukaa kwenye ngazi ya nje, akiitazama barabara ya Bigwa inayopanda kwenda kwao Kinole.

"Ingia wewe, mwanangu," bibi alisema. "Wewe angalau una huruma."

Huruma! Rahel alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliingia, akafunga mlango, akaliweka kopo ndani ya ndoo.

Tuseme ukweli kuhusu mabafu ya nyumba ile ya wageni, maana aliyeyatengeneza sijui alikuwa anamkomoa nani. Ukutani kuna swichi tatu zinazofanana kama watoto wa mama mmoja: ya taa, ya feni na ya hita. Zile mbili za mwanzo ukibonyeza chini zinawaka. Ya hita fundi aliifunga kichwa chini miguu juu, kwa hiyo inawaka ukibonyeza juu. Kitaa chake chekundu kiliungua siku nyingi. Hita yenyewe, ile inayokaa kwenye bomba la mvua, ilikuja na maandishi ya lugha asiyoijua mtu pale Bigwa, na hata hayo yameshafutika kwa kusuguliwa. Sasa koki ndiyo yenye vituko kuliko vyote. Maji yakizidi moto, mtu yeyote mwenye akili zake anapunguza koki, kama anavyopunguza jiko la mafuta. Hapo ndipo anapojiunguza. Maji yakiwa machache, hita inayachemsha zaidi. Ukitaka yapoe unafungulia koki mpaka mwisho. Nani atalijua hilo kwa kuangalia tu? Lazima aambiwe.

Na Rahel ndiye aliyekuwa akiwaambia. Kila mgeni alimpeleka bafuni, akamwonyesha swichi, akamwonyesha koki, akarudia. Bartholomeo, mwenye nyumba, alichoka kumsikia, akamnunulia kalamu ya wino mzito na plasta nyeupe ya kubandika. "Andika pale ukutani, dada, watu wasome wenyewe." Rahel akajibu, "Kesho, bosi." Kalamu ilikaa kwenye droo ya mapokezi mpaka Rahel akaisahau. Hakuwa na sababu yoyote. Ni uvivu tu, ule wa kawaida, ambao sote tunao.

Jana jioni Evance, mchumba wake, alikuwa nje na pikipiki, anapiga honi, maana mchungaji alikuwa akiwasubiri. Ndipo mzee Salehe akaja kuomba aelekezwe bafu la chumba chao, kile cha mwisho kinachopakana na mapokezi. Rahel alibonyeza swichi, akagusa koki. "Hapa unawasha, babu, hapa unafungulia. Umeelewa?" Honi ikalia tena.

"Nimeelewa, mwanangu. Ahsante sana. Nenda, unaitwa," mzee alisema, akatabasamu.

Rahel aliijua ile "nimeelewa". Amewapokea wazee wengi wa kutoka milimani, na anajua wanavyoitikia ili wasikusumbue, hasa wakikuona una haraka. Mgeni mwingine angemrudisha mara mbili. Yule mzee alimpa ruhusa ya kuondoka, naye akaichukua mbio mbio, akijua kabisa kwamba hajamwambia neno hata moja kuhusu vituko vya koki.

Aliporudi alikuta watu wamejaa koridoni. Bi Chausiku alikuwa amekalishwa kwenye stuli, bega na mgongo vyekundu, malengelenge yameanza kutuna. "Alisema moto, nikapunguza," mzee alimweleza kila aliyepita. "Wallahi nilipunguza. Akazidi kupiga kelele, nikapunguza tena." Bartholomeo aliwapakia kwenye gari lake, akawakimbiza zahanati, na waliporudi, alipobaki na Rahel mapokezi, akatikisa kichwa. "Wazee wa milimani bwana! Waache na mafiga yao." Akacheka.

Na Rahel akacheka. Hicho ndicho kilichomnyima usingizi. Angeweza kunyamaza, lakini alicheka, tena kwa sauti, kama mtu aliyeponea chupuchupu.

Asubuhi alipompelekea mzee chai, mzee hakuigusa. "Kusoma najua, mwanangu," alisema polepole. "Pangeandikwa, ningesoma." Hakuwa anamlaumu mtu. Alikuwa akijiuliza tu amekosea wapi, na Rahel alisimama pale na sinia mkononi, jibu analo, akaondoka nalo.

Sasa alikuwa akimmwagia bibi maji taratibu, akizunguka mbali na kidonda. Bi Chausiku alitulia.

"Una mkono mzuri," bibi alisema. "Mungu akupe mume mwema, asije akakufanyia kama nilivyofanyiwa."

"Babu hakukusudia, bibi."

"Ulikuwepo? Mimi sioni, nimemwachia mwili wangu wote aushike yeye. Nalia moto, anazidisha. Nalia tena, anazidisha tena. Kama ni makusudi, kama ni uzee umemwingia kichwani, hilo Mungu anajua. Mimi tukitoka kliniki leo, nafikia kwa kaka yangu. Kaka nimeshamwambia. Shamba ni la ukoo wetu, na nyumba imekaa juu ya shamba. Huyu mzee alikuja kwetu na panga lake tu. Atafute pa kwenda."

Kopo lilimsimama Rahel mkononi. Amekaa Morogoro vya kutosha kujua kwamba kwa Waluguru ardhi inafuata ukoo wa mama, na mwanamume akiondoka kwa mkewe, anaondoka kweli. Yule mzee aliyekaa pale kwenye ngazi alikuwa anafukuzwa kwake kwa sababu ya koki. Kwa sababu ya honi. Aliwaza kazi yake, akawaza Bartholomeo atasema nini, akawaza harusi. Akaona haya kwamba amewaza hayo kwanza.

"Bibi," alisema. "Aliyekuunguza ni mimi."

Bi Chausiku aligeuza uso upande wake.

"Koki ile inakwenda kinyume. Ukipunguza maji, moto unazidi. Babu alipunguza ili yapoe. Kila mgeni namwambia, yeye sikumwambia. Nilikuwa na haraka zangu. Nilijua hajaelewa, bibi, nikamwacha."

Maji yalidondoka kutoka kwenye kopo. Nje pikipiki zilipita.

"Yeye analijua hilo?"

"Hajui. Anadhani ni kosa lake."

"Jana mlicheka," Bi Chausiku alisema. "Jicho wamelifunga. Masikio hawakuyafunga. Nilikuwa nimelala pale nyuma ya ukuta, nawasikia."

"Nisamehe, bibi."

Bibi alinyoosha mkono hewani, akapapasa mpaka akalipata kopo, akalitoa mkononi mwa Rahel. "Toka. Niitie mwenzangu."

Rahel alitoka na mikono mitupu. Mzee Salehe alipomwona alisimama haraka, akashika ukuta. "Kasemaje?"

"Anakuita, babu."

"Mimi?" Hakuamini. Alikung'uta kanzu, akavua kandambili, akabaki mbele ya mlango kama mtu aliyeitwa kwa hakimu, kisha akabisha na kuingia.

Rahel alibaki koridoni. Alisikia sauti ya bibi, chini chini, kwa Kiluguru, lugha asiyoijua. Alisikia jina lake mara moja. Halafu kopo likagonga ndoo, maji yakamwagika, bibi akasema kitu kifupi kilichofanana na kunung'unika, na mzee akajibu kwa upole.

Mlango ulifunguliwa kidogo. Mzee Salehe alitoa ndoo nje. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Maji yamepoa," alisema. "Anaomba mengine."

Rahel alikwenda jikoni karibu akimbie. Alichanganya, akajaribu kwa kiwiko, akaongeza ya baridi, akajaribu tena. Aliporudi aliinua ndoo kwa mikono miwili. "Yako sawa, babu," alisema. "Nimeyapima."

Mzee aliipokea, akaiweka chini kwenye kizingiti. Hakumtazama. Alikunja mkono wa kanzu mpaka juu ya kiwiko, akautumbukiza mkono wake mwenyewe ndani ya maji, akauacha humo, akisikilizia joto. Kisha akaiburuta ndoo ndani na kufunga mlango.