Nchi ya Ndani ya Tangi

"Tangi lilikuwa langu!"

"Lilikuwa la mwenye nyumba."

"Usinichekeshe. Nani alisema ukipiga kofi mle ndani, anayeitika siyo wewe?"

"Wewe, kaka."

"Na nani alisema nchi ile kivuli ndicho kinatembea, halafu mtu ndiye anaburutwa?"

"Wewe. Sasa nani aliandika?"

Gundi akaanza kujikwangua kucha. Jina hilo alipewa na wenzake pale kiwandani, maana miaka tisa ya kushona na kubandika vitabu ilikuwa imemwachia gundi kwenye kucha ambayo hakuna sabuni iliyoiweza. Na huyu aliyesimama mbele yake na shati lililonyooshwa mpaka likakata ni mdogo wake, tumbo moja, ziwa moja. Nyumbani wanamwita Profesa. Ameandika riwaya: mtoto wa miaka kumi na mitano anaingia kwenye tangi kavu la maji juu ya paa, kifuniko kinafungwa, anatokea dunia nyingine. Na pamoja na viwanda vyote vya kuchapa vilivyojaa mjini, riwaya ikaletwa hapa hapa, kwenye meza ya Gundi.

Gundi aliacha shule ana miaka kumi na minne. Hakufukuzwa, hakuugua, yeye na daftari hawakuivana tu. Lakini kusimulia! Enzi hizo mdogo mtu anajitumbukiza ndani ya tangi, yeye anashika kifuniko kwa nje, anamsimulia kupitia upenyo anachokiona kule. Mwenyewe hakuwahi kuingia hata siku moja. Mabega hayakupita.

"Ukurasa wa tisa," alisema. "Kaka mtu anashika kifuniko. Basi! Kurasa zote zilizobaki hata kupiga chafya hapigi. Umeniweka getini kama mlinzi."

"Ni hadithi, kaka."

"Ni yangu."

Profesa akashusha pumzi. "Nilikuja kukuomba kitu. Nakala ya kwanza ishone wewe, kwa mkono. Ni ya mama. Nitaipitia saa kumi." Akaondoka.

Kitabu chenyewe kilikuwa na mafungu kumi na mawili ya karatasi zilizokunjwa, kila fungu na lundo lake, yamepangwa kuizunguka meza ndefu. Kazi ni kuzunguka: unaokota moja hapa, moja pale, unaweka juu ya lenzake, ukimaliza duara una kitabu, unakaa unashona. Gundi angeweza kuifanya amefumba macho.

Kwenye lundo la tatu mkono ukagoma. Ndipo mtoto anapotokea upande wa pili. Akasoma amesimama. Maneno yalikuwa yake yale yale, ila yameogeshwa, yamechanwa nywele, yamepakwa mafuta. Na lililomuuma kuliko yote, yalikuwa mazuri. Yangekuwa mabovu angemsamehe siku hiyo hiyo. Lakini alijikuta anataka kujua kitakachofuata, yeye aliyekibuni!

"Mwanaharamu wewe," akaiambia karatasi.

Akaligeuza lile fungu kichwa chini, akalipachika hivyo hivyo kati ya la pili na la nne, akashona. Acha mama afungue, amwone Profesa wake anatembea kwa kichwa. Alivuta uzi mpaka ukamkata kidole. Akapaka gundi, akavisha jalada, akakibana.

Saa kumi kamili, Profesa huyo. Akafungua kitabu, akapekua, akafika palipopinduka. Gundi akajiegemeza mezani kungoja mlipuko.

Profesa akakizungusha kitabu polepole, akaendelea kusoma. Kisha akacheka, kile kicheko chake cha ndani ya tangi.

"Kaka! Mtoto akifika kule, msomaji naye lazima ageuze kitabu! Mimi miaka mitatu nimehangaika na sura hii, hili nililikosa wapi?" Simu tayari iko sikioni. "Mhariri? Usiruhusu washone kwanza. Nimepata wazo."

*Nimepata.* Neno hilo likamchoma Gundi kama pasi. Akaona kichwani mwake watu wanapiga makofi, Profesa anainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Hata ubaya wake yeye Gundi utavalishwa shati la kunyooshwa!

Akampokonya kitabu.

"Sikukupa wazo. Nilikuwa nakuharibia."

"Nini?"

"Nilitaka mama akucheke. Kwa wivu. Umesikia? Wivu, mdogo wangu, siyo akili."

Simu ilikuwa inaita yenyewe, halo, halo. Profesa akaikata.

"Basi tuweke jina lako mwanzoni. Tuandike ni wazo lako."

"Tuandike! Nani ataandika?"

Profesa akairudisha simu mfukoni.

"Vitabu vyako nitavishona sawasawa, vyote, hutakuta uzi umelegea. Cha mama nakianza upya sasa hivi. Hiki hakitoki."

"Utakifanyia nini?"

"Hakikuhusu."

"Kaka, angalau nipige picha ukurasa mmoja tu."

"Mmoja ulishanipa wewe, ule wa tisa. Unatosha."

Akakichomeka kitabu ndani ya shati, mgongo wa kitabu bado una unyevu wa gundi, ukamnata kifuani. Akageuka, akaenda zake kwenye malundo.