Mke wa Kwenye Filamu

Mhadhiri wetu wa fasihi na filamu ana masharti yake: sinema ya zamani huitazami peke yako. Utafute mtu aliyeiona ilipotoka, ukae naye, umuulize watu wa wakati ule walicheka wapi na walilia wapi. Wenzangu walikwenda kwa bibi zao. Mimi nikapiga moyo konde nikaenda kwa mama mkwe, maana mke wangu alikuwa huko wiki ya tatu na simu zangu hapokei. Chuo kilikuwa kisingizio tu. Nilimtaka mke wangu arudi nyumbani, basi.

"Karibu, baba," mama mkwe alisema, kama vile hajui lililonileta. Mke wangu alinisalimia kwa mbali akaingia jikoni.

Niliweka kompyuta mezani, nikaiwasha filamu aliyoiona ujanani mwake, nikajibanza ukingoni mwa kochi kwa heshima ya ukweni. Kutulia kulinishinda. Nilifunga dirisha, nikalifungua tena. Mume na mke wa kwenye filamu walipokaribiana kitandani, niliinuka kwenda kuangalia gari gani linapita nje, wala hapakuwa na gari.

"Kaa, baba," mama mkwe alicheka. "Nina watoto sita mimi. Hayo nayajua."

Nikakaa, lakini sikio langu lilikuwa jikoni. Vyombo vilikuwa kimya. Nikajua anasikiliza.

Mwishoni mwanamke yule anamfungia mumewe mlango, mume akiwa bado anazungumza. Wataalamu wote niliowasoma wanasema mlango ule ni jamii mpya inayoipa kisogo ya kale. Nilisimamisha picha.

"Mama, enzi hizo mlielewaje? Kwa nini alifunga?"

"Sisi tulimkasirikia," alisema. "Mume hampigi, hamnyimi kitu. Tukasema ana kiburi tu."

"Hana kiburi." Mke wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono ina povu. "Amechoka. Anamweleza mumewe jambo la maana, anajibiwa ndiyo, ndiyo, macho yako kwenye kompyuta. Mpaka siku moja anagundua anaongea peke yake ndani ya nyumba yake. Hapo akaogopa."

Nilisisimka mwili mzima. Katika vitabu vyote sikuwahi kukutana na maelezo kama hayo, na sura ya tatu ya tasnifu yangu ilikuwa imekwama hapo hapo. Vidole vikaanza kukimbia vyenyewe.

"Endelea," nilisema, bila kuinua kichwa.

Hakuendelea. Niliandika mpaka kwenye neno kompyuta, ndipo nikakumbuka kwamba katika filamu ile ya zamani hakuna kompyuta hata moja. Nilipoinua macho, mke wangu hakuwepo.

Mama mkwe alikuwa ananitazama, na kicheko chote kimemtoka.

"Miaka yote hii nimemlaumu bure yule mwanamke," alisema.