Dawa ya Kuondoa Jiwe

Kila Jumapili, misa ikiisha na watu wakishakula, vijana wanne walikusanyika kwenye baraza ya kina Fabrice, mtaa wa Nyakasanza, kupigana na mazimwi. Mchezo wenyewe uliingia Bunia ndani ya begi la kaka yake Fabrice aliyekuwa anasoma Kinshasa: kitabu kinene cha Kifaransa, fotokopi iliyofifia, pamoja na dadu za rangi zenye pembe nyingi ambazo mama yake Fabrice mwanzoni alidhani ni bonbon, pipi za watoto.

Rodrigue ndiye aliyeongoza mchezo. Aliisimulia dunia yote kwa kinywa chake, pango, mto, giza, na zimwi lililokuwa likingoja ndani ya giza hilo. Kila mmoja wa wale wengine alikuwa na mtu wake wa kubuni, na dadu ndizo zilizoamua kama pigo limepata au limekosa. Fabrice alikuwa askari mwenye ngao, wa kukimbilia hatari kabla ya kuuliza. Clarisse alikuwa mwizi wa mikono myepesi. Emerance alikuwa mponyaji.

Kazi hiyo hakuna aliyeitaka mwanzoni. Mponyaji hapigi mtu, anakaa nyuma na mfuko wake wa dawa. Lakini Emerance aliipenda toka siku ya kwanza. Mazimwi ya mchezo ule yalikuwa na ubaya wa kila namna. Moja linauma, sumu inapanda. Lingine linakutazama tu, unageuka jiwe. Lingine linakunong'oneza jambo, unaanza kuwaogopa wenzako. Emerance alijifunza yote, na alijifunza pia kwamba kuna mpangilio: ukimtoa mtu kwenye jiwe kabla ya kumtoa sumu, mwili unalegea na sumu inakimbilia moyoni. Fabrice alipoanguka, na alianguka kila wiki, hakuwa na wasiwasi. "Emerance iko," angesema, na kuchukua ndizi nyingine.

Kwake Emerance raha ilikuwa hapo. Mtu ameharibiwa na kitu kibaya, wewe unajua la kufanya, unalifanya, anasimama.

Yeye mwenyewe alikuwa na jambo lake, na halikuwa la mchezo. Alitoka kijijini Fataki na mama yake, Mama Micheline, mwaka ule wa vita, watu walipokimbia usiku. Baba yake alirudi nyuma kufungua zizi, hakuonekana tena. Kilichobaki kichwani mwa Emerance kutoka usiku ule ni mlio wa manjanja, mabati ya paa, yakianguka moja juu ya lingine. Toka hapo, akisikia mlio kama ule ghafla, miguu yake ilikataa. Haikuuma. Ilikuwa tu si yake tena, akabaki amesimama kama mti, macho wazi, kinywa hakitoi neno.

Kwa daktari walifika. Dawa iliyofaa, hata hivyo, aliivumbua Mama Micheline mwenyewe. Alimkalisha chini, akamvua viatu, akammwagia maji ya baridi kwenye vidole vya miguu. Kisha akamwuliza polepole: "Ng'ombe wa baba alikuwa nani wa kwanza?" Na Emerance, akitafuta sauti yake mbali sana, angejibu: Sifa. "Na anayemufuata?" Kawa, yule wa rangi ya kahawa. Halafu Kado, aliyetolewa zawadi na mjomba. Halafu Tulizo, ndama aliyezaliwa wiki ile ile ya kukimbia. Akifika kwa Tulizo, miguu ilikuwa imerudi.

Jambo hilo lilijulikana nyumbani tu, mpaka siku Rodrigue alipomsindikiza Emerance sokoni. Kijana wa mkokoteni aliangusha mzigo wa manjanja mbele yao. Rodrigue alimwona mwenzake akigeuka jiwe katikati ya watu. Hakupiga kelele, hakumwacha. Alimbeba mgongoni mpaka kwa Mama Micheline, akasimama mlangoni akishika viatu vya Emerance mkononi, akaona maji, akasikia majina. Mwishoni macho yake yalikuwa yamelowa.

"Usimwambie mutu," Emerance alimwomba.

"Nani? Miye? Hata kidogo," Rodrigue alijibu.

Emerance akaamini. Zaidi ya kuamini, alianza kumwazia Rodrigue kwa namna nyingine. Jumapili zilizofuata alichelewa kidogo kufunga nywele, na akiketi barazani alichagua kiti cha karibu naye.

Ilikuwa Jumapili ya mawingu, mvua haijaamua, Rodrigue alipolitoa zimwi jipya. Alishusha sauti kama alivyozoea.

"Zimwi hii haina meno, haina kucha. Iko na sauti tu. Inalia kama manjanja yenye kuanguka. Mwenye kuisikia, miguu yake inageuka jiwe. Fabrice, piga dadu."

Fabrice akapiga. Namba mbaya.

"Basi. Askari wako iko anasimama kama muti. Macho wazi, anakuona, hawezi kusema."

Emerance akajiambia ni sadfa tu, mazimwi ya kugeuza watu mawe ni mengi kitabuni.

"Emerance, nitoe mu ile!" Fabrice akalia kwa furaha. "Weye njo munganga wetu."

Akajaribu. Alitumia mafuta ya kulainisha jiwe, dadu zikakubali, lakini Rodrigue akatikisa kichwa. "Haifanye kitu." Alitumia sala ya kuvunja laana. "Haifanye kitu. Hii haiko mu kitabu. Nimeitunga miye mwenyewe." Na aliposema hivyo alimtazama Emerance kwa tabasamu, kama mtu aliyeficha zawadi nyuma ya mgongo.

Ndipo Clarisse akainua mkono.

"Miye najua. Tumuvue viatu. Tumumwangie maji ku vidole. Kisha tumuulize majina ya ng'ombe wake, moja moja, wale walikufaka."

"Voilà!" alisema Rodrigue. "Fabrice, taja."

"Askari wangu hana ng'ombe! Nitaje nini?"

"Sema tu," Clarisse akamwambia, "Sifa, Kawa, Kado, Tulizo."

Fabrice aliangua kicheko. Yeye hakujua lolote, maskini. "Tulizo! Ng'ombe gani anaitwa Tulizo? Kado, amuka, tuvuke muto! Mooo!" Akasimama, akavua kandambili, akainua mguu mmoja hewani akisubiri maji. Clarisse naye akacheka, mkono kinywani. Hata Rodrigue alicheka kidogo.

Emerance hakugeuka jiwe. Hilo ndilo lililomshangaza baadaye. Miguu yake ilikuwa yake kabisa.

"Hizi majina ulizitosha wapi?" akamwuliza Clarisse.

Clarisse alimtazama Rodrigue. Na jinsi alivyomtazama, haraka haraka, kama mke anavyomtazama mume mbele ya mgeni, Emerance alielewa mambo mawili kwa pamoja, na hakujua lipi lilimkata zaidi.

Akaiweka dadu mezani, akachukua kitambaa chake, akatoka.

Rodrigue alimfikia kwenye lango.

"Emerance, sikia. Haukufurahi?"

"Nifurahi?"

"Nilitunga juu yako. Mu kitabu yote hamuna dawa ya kweli kama ile. Nilipoiona kwenu, sikulala. Nilisema, hii ni kitu kizuri sana, batu baione. Na hakuna mwenye alijua ni weye."

"Clarisse alijua."

Rodrigue akageuka kutazama barazani.

"Ulimwambia siku gani?"

"Siku ile," alisema mwishoni, akitazama chini. "Nilikuwa na uzito mu roho. Yeye njo mutu ninamwambiaka kila kitu."

Siku ile. Yaani wakati Emerance amelala kitandani, miguu imefunikwa blanketi, akimshukuru Mungu kwa rafiki mwenye mgongo wa kumbeba na kinywa cha kufunga, Rodrigue alikuwa tayari ameketi mahali fulani na Clarisse, anasimulia majina ya ng'ombe wa marehemu.

"Ungeniuliza," Emerance alisema. "Ungekuja kuniuliza tu."

"Ungekataa."

"Njo vile," akasema. "Ningekataa."

Akaenda zake kwa miguu, pikipiki zikimpigia honi, na hakulia mpaka alipofika nyumbani, akaingia jikoni na kusingizia moshi wa makaa.

Emerance hakumwambia mama yake chochote. Angeanzaje? Akasema tu hataki mchezo tena, una makelele. Mama Micheline akamtazama kidogo, akaendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo.

Kisha mvua ya mawe ikaipiga Bunia saa za mchana. Upepo uling'oa paa la jirani, na manjanja yakaanguka uani kwao. Emerance alikuwa anaanua nguo. Miguu ikakataa hapo hapo, shati la mama yake mkononi.

Mama Micheline alikuja mbio, akamvuta mpaka chini ya paa, akamkalisha, akaleta maji.

"Ng'ombe wa baba alikuwa nani wa kwanza?"

Jina lilikuwepo. Emerance aliliona. Lakini lilikuja na kicheko cha Fabrice kimening'inia juu yake, na mguu hewani, na "Mooo". Akalisukuma, likarudi vile vile. Sifa hakuwa tena ng'ombe wa baba aliyekuwa akijikuna kwenye mti wa avoka. Alikuwa kitu cha barazani, cha kuchekesha watu wakila ndizi.

"Nani wa kwanza, mama yangu? Nani?"

Aliuliza tena na tena, mpaka maji yakaisha kwenye beseni. Miguu ilirudi yenyewe, baada ya mvua kukatika na majirani kuanza kukusanya mabati yao. Muda mrefu kuliko wakati wowote toka Fataki. Ndipo Emerance akamweleza yote.

Mama Micheline alisikiliza mpaka mwisho. Emerance aliogopa kwamba atapata hasira kwake, kwa kumwamini kijana yule. Lakini mama alikaa tu, mikono magotini.

"Ndama ile," alisema, "baba yako alimupa jina asubuhi, na magaribi tukakimbia. Hakuna mutu alimuitaka kwa jina yake isipokuwa siye tatu." Akainuka, akaenda kumwaga maji yaliyokuwa yamebaki kwenye ndoo, ingawa yalikuwa safi.

Rodrigue alikuja Jumamosi moja, peke yake, amevaa shati la kupiga pasi. Mama Micheline alikuwa anachagua maharagwe uani. Alimwitikia salamu, kwa kuwa salamu haikataliwi, lakini hakumwonyesha kiti. Rodrigue akasimama juani, akasema amelifuta zimwi lile, amewakataza wote kulitaja, Fabrice amelia alipojua.

"Mwambie Fabrice sina kitu naye," Emerance alisema. "Yeye hakujua."

"Na miye?"

Emerance alimtafutia jibu la upole, kwa ajili ya mgongo ule uliombeba kutoka sokoni. Hakulipata.

"Weye ulijua," akasema.

Kijana akaangalia maharagwe yakianguka kwenye sahani, halafu akaaga na kuondoka.

Mama Micheline hakuvumbua dawa nyingine. Alijaribu wimbo, alijaribu kumsugua mikono, kisha akaacha kujaribu. Sasa ikimpata, mama anakuja kuketi karibu naye, goti lake likigusa la mwanae, hamwulizi kitu. Inachukua muda. Chakula kinaungua jikoni, mtu anapiga hodi hajibiwi. Wanakaa tu hapo wote wawili, mpaka kidole kimoja cha mguu kitikisike.