Chokaa ya Fundi

Fundi rangi alikuwa na ugonjwa usiotibika hospitali yoyote: hakuweza kuona kitu kimekaa bila rangi akakiacha. Alipaka milango, alipaka ndoo, aliwahi hata kupaka banda la kuku, kuku wakagoma kuingia wiki nzima. Basi usishangae kwamba mgadenia wa mkewe, mti mfupi uliosimama chini ya dirisha la chumba chao, ulizungushiwa mawe, na mawe yakapakwa chokaa. Kila mwaka kabla ya mvua, ndoo na brashi, miaka ishirini na miwili.

Na kila mwaka mgadenia ulichanua. Haukuzidi kiuno cha mtu, majani yake mabichi masika na kiangazi, yakimeta kama yamepakwa mafuta, na maua yake meupe yalinukia mpaka kwenye shuka. Wageni wakisifu, fundi alijibu kabla mkewe hajafungua mdomo. "Siri ni usafi. Mti huu unapenda pahali pasafi." Mkewe aliinamisha kichwa akatabasamu.

Mwaka huu mkewe hakutoka nje. Maradhi yalimlaza tangu mvua zilizopita, yakamla kidogo kidogo, mwisho yakampofusha na macho. Daktari alishasema mrudisheni nyumbani, na mwenye akili alielewa. Alichobaki akikitaka kilikuwa kimoja.

"Fundi, dirisha usilifunge. Nataka ninuse maua yangu mara moja tu, kisha niende zangu."

"Uende wapi, na viatu vyako nimeshavigawa?" fundi alisema, maana utani ndio uliokuwa umewaweka pamoja miaka yote.

Akaingia kazini kwa moyo wake wote, na hapo ndipo alipoharibu. Mawe aliyapaka mara mbili. Maji ya kuoshea brashi aliyamwaga shinani kama miaka yote, yasipotee bure. Juu yake akatia majivu ya jikoni, kwa sababu alisikia majivu ni mbolea. Majani yakageuka manjano, mishipa tu ikabaki kijani. Matumba yalitoka madogo, yakawa meusi, yakaanguka. Fundi aliyaokota akayaficha mfukoni, kana kwamba mkewe angeweza kuyaona.

"Yamechanua?" mkewe aliuliza kila asubuhi.

"Bado. Yanajivuta."

"Mawe umepaka?"

"Mara mbili. Laiti ungeona yanavyong'aa."

Mkewe akageukia ukutani. Fundi akadhani ni usingizi.

Siku moja, alipoona maji yamemfika shingoni, alisugua jani kwa sabuni ya kunukia akampelekea puani. Mkewe akanusa. "Hii sabuni, mume wangu," akasema, akacheka mpaka akakohoa. Fundi alikwenda kusimama jikoni, kajifunika uso kwa kitambaa cha vyombo.

Kesho yake alichukua tawi moja la manjano akaenda kwa muuza miche, mama mmoja aliyekuwa na kibanda kando ya barabara na ulimi usio na breki. Alitaka dawa. Yule mama alitazama tawi, kisha akatazama kucha za fundi.

"Bado unapaka?"

"Napaka nini?"

"Chokaa. Mti huu na chokaa ni paka na panya. Ikishaingia kwenye udongo, mizizi haili tena, hata umwagie mto mzima. Ndiyo maana wanasema usilolijua ni kama usiku wa giza."

"Napaka mwaka wa ishirini na mbili huu, na unachanua."

Ulimi wa muuza miche ukapata breki kwa mara ya kwanza. Alifuta mikono kwenye kanga yake polepole.

"Baba, mkeo hakukuambia? Kila ukishapaka, siku ya pili yuko hapa na kiroba. Ananunua udongo wa majani yaliyooza. Ukienda kazini anachimbua ule wenye chokaa, anatia huu. Anafika anasema, 'Mzee amepaka tena.' Tunacheka, anajitwika mzigo wake, anaondoka."

Fundi hakukumbuka alivyofika nyumbani. Alijikuta ameketi ukingoni mwa kitanda.

"Kwa nini hukuniambia?"

Mkewe alijua papo hapo habari imetoka wapi. "Ningekuambiaje? Ulikuwa unapaka huku unapiga mluzi." Akapumzika kidogo. "Mwaka huu nilitaka kusema. Kila nikijiandaa, nakusikia nje na ndoo yako."

Fundi alinunua viroba vitatu. Alichimba kwa kijiko asije akakata mizizi, akayasukuma mawe mbali, akamwagilia maji ya mvua. Lilikuwa limebaki tumba moja, upande wa dirisha. Mchana alilikinga jua kwa beseni.

"Lipo?" mkewe aliuliza asubuhi.

"Lipo," fundi alijibu, na safari hii hakudanganya.

Siku ya tisa mkewe hakuuliza. Fundi alimwita mara mbili, akamshika mkono, akaukuta baridi. Nje tumba lilikuwa bado limefumba.

Watu walijaa uani. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliona udongo umefukuliwa na mawe yametapakaa, akaona ni aibu mbele za waombolezaji. Akatafuta ndoo stoo. Waliporudi kutoka kuzika, akayapanga mawe, akayapaka, na maji ya brashi akayamwaga shinani. Kisha akamjia fundi, mikono myeupe.

"Shemeji, nimekutengenezea pale kwa dada. Mti wake ukae pahali pasafi."

Fundi alitazama ile mikono. Maneno yalimpanda mpaka kwenye meno. Lakini kijana wa watu alikuwa amelia tangu alfajiri, na sasa ndipo uso wake ulipopata nuru kidogo.

"Ahsante, shemeji," akasema. "Pamependeza sana."

Alingoja mpaka wa mwisho alipoaga. Akachukua kiroba na kijiko, akapiga magoti chini ya dirisha. Tumba lilikuwa limeanguka, limelala juu ya jiwe jeupe. Akalitia mfukoni pamoja na mengine, akaanza kuchimba.