Kidole Kimoja

Mwalimu Siamwela alimwambia mtoto anyooshe shingo, apitishe mkono wa kulia juu ya kichwa, aguse sikio la kushoto. Ndivyo walivyopimwa wote waliokuja kuandikishwa darasa la kwanza bila cheti cha kuzaliwa, na Tisungane alizaliwa nyumbani, mvua inanyesha, mkunga akiwa shangazi yake. Mkono ulipita utosini, ukashuka, ukakwama. Mtoto akatoa ulimi, akainamisha kichwa.

"Usiinamishe! Mnanidanganya mchana kweupe," mwalimu akasema. "Kimebaki kidole kimoja. Mlete mwakani."

"Ana miaka saba, mwalimu," akasema Enelesi, mama yake. "Ni mwili tu, kamfuata baba yake."

"Mama, kila mtu hapa ana mtoto mwenye mwili mdogo. Shule si mahali pa kuficha watoto."

Lakini Enelesi alitaka hasa kumficha. Alikuwa akiponda kokoto machimboni, nje kidogo ya Lusaka, mahali ambapo vipande vya mawe hurukia watu machoni na kingo huporomoka bila hodi. Hakuwa na wa kumwachia mtoto. Aliyegundua kwamba akili ya mtoto hupimwa kwa urefu wa mkono, Mungu anamjua.

Basi wakarudi machimboni. Tisungane hakukata tamaa. Kila asubuhi kabla ya uji alipitisha mkono kichwani na kumwita mama yake aangalie. "Bado nusu!" "Bado kucha tu!" Mchana alicheza chiyato na wenzake wawili: unarusha kijiwe juu, na kabla hakijashuka uwe umeshachota vingine kwenye kishimo ardhini, kisha ukidake. Hakuna aliyemweza. Wanawake waliacha nyundo wakamtazama.

"Huyu ana mikono ya mwizi," Zelipa wa lundo la jirani alitania. "Tumtume sokoni, tupumzike na mawe."

Mwezi wa Oktoba, jua likichoma, mpira wa Enelesi ukakatika. Ni kipande cha tairi kilichokunjwa duara, cha kushikilia jiwe lisiruke linapopigwa. Lori lilikuwa linasubiri kokoto, dereva anapiga honi. Enelesi akamwona mwanawe anacheka, kijiwe kiko hewani, hasira zikampanda.

"Wewe! Acha mchezo, njoo unishikie jiwe!"

"Namalizia, mama. Nimefika cha kumi."

"Sasa hivi!"

Akaja, akashika. Nyundo ya kwanza ilikwenda sawa, ya pili pia.

Ya tatu Enelesi hajawahi kuisimulia. Kliniki walimkata mtoto vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati. Kwa wiki nyingi Enelesi alikuwa akiinua nyundo, kisha anaiweka chini na kulia mbele za watu. Mtoto ndiye aliyembembeleza. Chiyato alijaribu mara moja tu. Kijiwe kilipomponyoka aliviokota vyote, akampa mwenzake.

Januari wakapanga foleni tena. Zamu yao ilipofika, Tisungane hakungoja kuambiwa. Alisimama shingo wima, mkono ukapita utosini, ukashuka, na kidole cha pete kikagusa sikio.

"Umefika!" akapiga kelele. "Mama, umefika!"

Mwalimu alikuwa ameshaandika herufi tatu za jina lake alipouona ule mkono vizuri. Kalamu ikasimama.

"Nani amekufanya hivi?"

Enelesi alifungua mdomo. Tangu Oktoba alikuwa akilingoja swali hilo, na alikuwa ameapa kwamba siku likija hatasema uongo.

"Jiwe," Tisungane akasema upesi, akajisogeza mbele ya mama yake. "Jiwe tu, mwalimu."

Enelesi aliona aibu kuliko siku ile ya nyundo. Mwalimu alimtazama yeye, akamtazama mtoto.

"Sasa mama, huyu ataandika kwa mkono upi?"

"Mwaka jana ulisema kimebaki kidole kimoja," Enelesi akajibu. "Vimeondoka viwili, mwalimu, na mkono umefika. Mwandikishe."

Mwalimu akamalizia jina polepole. Nyuma yao kwenye foleni, mtoto mwingine alikuwa ameshaanza kunyoosha mkono.